Mwokaji wa Sir Jocelyn

Sir Jocelyn Pargeter alikuwa amekwisha kuvuruga kazi katika miji mitatu kabla Mfalme wa Uingereza hajamleta Stambuli kuwa mjumbe wake mbele ya Sultani, na kila alipovuruga alipandishwa cheo. Huko Stuttgart aligombana na mjumbe mwenzake juu ya nani atangulie kuingia mlangoni, wakagandana kizingitini wote wawili mpaka chakula kikapoa. Cagliari alinuna msimu mzima kwa kuwa kiti alichopewa kanisani hakikuwa na mto. Palermo hakufanya jambo lolote, akasifiwa kwa busara. Alikuwa mrefu, mwekundu wa uso, na pua yake ilikaa kama ya mtu anayenusa kitu kilichooza chumba cha pili. Miaka yote aliyokaa kwetu alijifunza maneno mawili tu ya Kituruki, kahawa na polepole, na hayo yenyewe aliyachanganya.

Mengine yote aliyabeba mkalimani wake, Zorzi Caravello. Zorzi alizaliwa hapahapa kilimani Pera. Baba yake alikuwa mkalimani wa mabalozi, na babu yake vilevile. Watu wa ng'ambo hudhani kazi ya mkalimani wa Pera ni kusema yaliyosemwa. Angeyasema hayo, vita vingezuka kila wiki. Kazi yake ni kuyapiga randa maneno pande zote mbili mpaka yawe laini ya kushikika. Mwingereza akifoka kwamba Waturuki ni waongo, Zorzi aliinama na kusema kwa Kituruki kwamba Mjumbe ana huzuni kidogo. Waturuki wakijibu kwamba mbwa huyu aende akabwekee kwao, Zorzi aligeuka na kusema kwa Kifaransa, lugha ya mabalozi wote, kwamba wanalitafakari jambo lake. Ndivyo mambo makubwa ya dunia yalivyokwenda siku zile, na kila upande uliamini umeushinda upande wa pili.

Majira yale ya baridi ngano ilichelewa kufika kutoka Bahari Nyeusi. Unga uliotolewa kwenye maghala ya serikali ulichanganywa na shayiri, na vumbi, na mchanga wa kutosha kujengea ukuta. Waokaji walioka walichopewa, mikate ikapungua uzito, na watu wakaanza kupiga kelele sokoni. Basi serikali ikafanya kile inachofanya siku zote watu wanapolia njaa: ikatafuta mwokaji wa kumnyonga mlangoni pa duka lake, na mkate wake shingoni, ili wenye njaa wapate angalau kitu cha kutazama. Aliyeangukiwa safari hii ni Stamatis wa Galata, mume wa Perina, dada yake Zorzi.

Perina aliingia kwa kaka yake bila hodi, mimba imetangulia mbele, mtandio umekaa upande.

"Wamemchukua," alisema. "Wamekuja na mizani yao, wamepima mikate, wamemfunga. Watamnyonga Ijumaa, Zorzi. Mlangoni kwetu! Nikienda kuteka maji nipite chini ya miguu ya mume wangu!"

"Kaa kwanza, dada yangu."

"Sikai! Nikae vipi? Wewe si ndiye mwenye wakubwa? Kila sikukuu unatukalia hapa na hilo likofia lako la manyoya, ooh Mjumbe kasema hivi, ooh Waziri kasema vile. Haya, leo sema wewe!"

"Mimi sisemi, Perina. Mimi nasema ya wenzangu."

"Basi mwambie huyo Mwingereza wako aseme. Mkate anaobugia kila asubuhi anauoka nani? Mama yake?"

Hilo lilikuwa kweli. Mikate ya ubalozi ilitoka kwa Stamatis, tangu wakati wa mjumbe aliyetangulia. Zorzi alivaa kofia yake, akavuka maji kwenda Stambuli yenyewe, upande wa serikali, kumwona Nafiz Efendi, karani wa Waziri Mkuu, mtu mnene mwenye maumivu ya meno yasiyoisha, ambaye walijuana naye tangu wote wawili wana nywele nyeusi.

"Umekuja kwa habari ya shemeji yako," Nafiz alisema, kiganja shavuni. "Usinizungushe, Zorzi Efendi, leo jino limenishika."

"Nimekuja kwa habari ya shemeji yangu."

"Haya, sikiliza. Jumatano bwana wako anakuja kwa Waziri kudai zile manowari zake zipite mlango wa bahari. Atakataliwa."

"Najua."

"Wewe unajua, mimi najua, paka wa jikoni anajua. Hajui yeye tu. Sasa, mgeni mkubwa akinyimwa kubwa, hatolewi mikono mitupu. Waziri atamuuliza kama kuna jingine moyoni mwake. Akiomba dogo atapewa. Moja tu. Na aombe baada ya kahawa, kabla ya ubani. Ubani ukishaingia, maneno yamekwisha."

"Akimwomba mwokaji?"

"Atapewa mwokaji. Ni mwokaji wa nyumba yake, nani atashangaa? Lakini ombi liwe lake. Waziri akimwachia mtu huyu kwa ajili yangu au yako, mji mzima utasema kala rushwa."

"Na Ijumaa?"

Nafiz alikitazama kiko chake. "Ijumaa watu watataka mwokaji. Wako wengi."

Zorzi alilisikia neno hilo vizuri sana. Alilisukuma pembeni, kama sisi sote tunavyolisukuma, kwa kuwa hao wengi hakuna hata mmoja aliyekuwa mume wa dada yake.

Ilibaki kazi moja, ya kumfanya Sir Jocelyn afungue kinywa na kumwombea mtu asinyongwe. Ungedhani ni kazi nyepesi. Lakini Sir Jocelyn alikuwa na msiba wake. Kwetu, mgeni wa serikali anapokwenda kuonana na Waziri huvishwa joho, na joho lina daraja. Balozi kamili huvishwa la manyoya meusi ya kutoka misitu ya Warusi, mazito, yanayong'aa. Mjumbe wa chini yake huvishwa la kitambaa, jepesi, la aina ambayo wachuuzi wa nje ya geti huinunua siku hiyohiyo na kuiuzia tena ikulu kwa ajili ya mgeni mwingine. Sir Jocelyn alikuwa mjumbe tu, akavishwa kitambaa. Mfaransa alivishwa manyoya. Hata mtu wa Napoli, ambayo siku zile ilikuwa imebaki mlima unaotoa moshi, alivishwa manyoya. Jambo hilo lilimkata maini Sir Jocelyn kuliko vita vyote vya Ulaya, na alilizungumza mezani, bafuni, na juu ya farasi.

Zorzi alimkuta anakunywa chai.

"Mtukufu, nina ombi."

"Kama ni mshahara, subiri mwezi ujao."

"Ni mwokaji wetu wa mikate. Wanataka kumnyonga."

"Wa mikate hii?" Sir Jocelyn aliinua kipande kwa ncha za vidole viwili. "Jana nimeuma jiwe. Naona wamechelewa." Akacheka, akangoja Zorzi naye acheke.

"Ni shemeji yangu, Mtukufu. Mume wa dada yangu."

"Ah." Kipande kilirudi sahanini. "Pole sana. Lakini fikiri, Caravello. Mjumbe wa Mfalme aende mbele ya Waziri Mkuu azungumze habari za mikate? Kesho wataniletea wauza samaki. Hapana. Jumatano nina jambo moja zito la kumwomba, na sitaki lipunguzwe na udaku wa jikoni."

"Manowari."

"Manowari nitazitaja, ndiyo, nimeagizwa. Jambo lenyewe ni joho."

Hapo Zorzi Caravello, mtu mzima mwenye mvi, ambaye baba yake na babu yake hawakupata kumpigia goti Mwingereza yeyote, alipiga magoti juu ya zulia. Alisema dada yake ana mimba. Alisema ni neno moja tu, sentensi moja, na Waziri yuko tayari kukubali. Sir Jocelyn alikisogeza kikombe chake.

"Inuka, inuka. Utamwaga chai."

Zorzi aliinuka. Alikuwa amewahi kuwadharau mabwana zake, wote, hiyo ni sehemu ya kazi. Siku ile kwa mara ya kwanza alimchukia mmoja.

Jumatano walikwenda. Sir Jocelyn alivishwa kitambaa chake kama kawaida, akakiangalia kama mtu aliyetapikiwa. Waziri Mkuu alikuwa mzee mwenye macho ya usingizi, amekaa pembeni kwenye mito, watu wake wamesimama kimya ukutani, Nafiz Efendi kati yao na shavu lake lililovimba. Ililetwa peremende, ikaletwa kahawa. Sir Jocelyn alizitaja manowari, kwa haraka, kama mtu anayesoma majina ya marehemu wasio wa ukoo wake. Waziri alikataa kwa maneno marefu mazuri, na Zorzi akayapiga randa, ingawa hakuna aliyeyahitaji, maana Sir Jocelyn hakusikiliza. Alikuwa anajiandaa.

Kikombe kikaondolewa. Waziri aliinua macho yake mazito.

"Muulizeni Mjumbe kama kuna jambo jingine moyoni mwake."

Lilikuwapo. Sir Jocelyn alivuta pumzi, akalimwaga. Alizungumza juu ya hadhi ya Mfalme wake, juu ya babu za Mfalme wake, juu ya vita walivyoshinda. Alizungumza juu ya mabega ya Mfaransa na yaliyowekwa juu yake. Alimtaja mtu wa Napoli, sauti ikakatika. Akashika mabega yake mwenyewe kwa mikono miwili kuonyesha mahali ambapo manyoya yangekaa na hayakukaa. Machozi yalimlengalenga, na yalikuwa machozi ya kweli, mtu yule alikuwa anaumia. Zorzi aliona pazia la mlango likisogezwa. Mhudumu alikuwa amesimama nyuma yake na chetezo, moshi umeanza kupanda.

Sir Jocelyn alimaliza. Chumba kizima kikamtazama mkalimani.

Ukoo wa Caravello ulikuwa umepiga randa maneno miaka mia moja. Haukuwahi kulitupa gogo zima na kuleta jingine. Zorzi aliinama mpaka kofia ikakaribia kudondoka.

"Mtukufu Waziri," alisema kwa Kituruki, "Mjumbe anasema nyumba yake haina mkate. Mwokaji wake, Stamatis wa Galata, amefungwa na atanyongwa. Anasema hana ombi jingine mbele ya kizingiti hiki, ila uhai wa mtu huyo."

Waziri alimtazama Mjumbe juu mpaka chini. "Yote hayo kayasema kwa ajili ya mwokaji?"

"Anapenda sana mkate, Mtukufu."

"Na mbona alikuwa anajishika mabega?"

Zorzi aliinama tena. "Anasema mzigo wa mtu huyu ameubeba yeye."

"Na analia."

"Analia, Mtukufu. Ni mtu wa huruma."

Basi mzee akaanza kucheka, taratibu, tumbo likitikisika ndani ya manyoya yake. "Tangu nikae kwenye mto huu Waingereza wananiomba bahari," alisema. "Leo mmoja kaniomba mwokaji. Mpeni! Mpeni mwokaji wake, na afungwe kitambaa kichwani, kishuke mpaka shingoni, nisije nikamwona barabarani nikakumbuka ana shingo."

"Kasema nini?" Sir Jocelyn alimvuta Zorzi. "Anacheka nini?"

"Amekubali, Mtukufu."

"Amekubali! Leo?"

"Kila jambo litakuja kwa wakati wake."

Ubani ukaingia. Kila mtu mwenye macho anajua ubani ukipitishwa maana yake ni nini, hata mtoto mchanga wa Stambuli huanza kutafuta viatu. Sir Jocelyn alidhani ni heshima nyingine. Aliinamisha pua, akavuta moshi, akarudi kuegemea mito akatandaza miguu, akangoja chetezo kizunguke tena. Ilibidi Zorzi amshike kiwiko na kumwambia kwamba desturi inamtaka mshindi aondoke kwanza. Akainuka upesi.

Ngazini Nafiz Efendi aliwafuata, akamrudisha Zorzi nyuma hatua chache. Nafiz alikuwa amewahi kukaa Paris ujanani.

"Kifaransa changu kimeshika kutu, Zorzi Efendi," alisema polepole. "Nimesikia manyoya, na manyoya, halafu tena manyoya."

"Efendi umesikia vibaya."

"Nimesikia vibaya. Nitaendelea kusikia vibaya, maana jino linaniuma na sitaki makuu. Lakini Waziri akija kujua amechezewa mbele ya watu wake, shemeji yako atarudi kwenye kamba, na wewe utaning'inia karibu naye. Hata dada yako usimwambie. Yeye hasa usimwambie!"

Hapo alisema kweli. Perina hakuwa na kifuniko cha mdomo. Ukimwambia jambo Galata saa ya kifungua kinywa, mchana linajadiliwa mtaa wa Tatavla.

Stamatis alirudishwa Alhamisi. Ijumaa wakamnyonga mwokaji wa Kumkapı, Mwarmenia aitwaye Garabet, na mkate uliofungwa shingoni mwake ulikuwa wa unga uleule wa ghalani. Zorzi hakwenda upande ule. Aliulizia jina, na alipojuta kuliulizia hakuweza tena kulisahau. Kumwombea misa ilikuwa rahisi, akamwombea. Kumtazama mke wa Garabet machoni hakuweza, wala hakujaribu.

Jumapili Stamatis alikwenda ubalozini na kitambaa kichwani, na Perina, na nusu ya waokaji wa Galata nyuma yao. Sir Jocelyn alikuwa anateremka kwenda kupunga upepo. Stamatis akajitupa chini, akaikumbatia miguu yake, akaibusu buti ya kulia, kisha ya kushoto, huku analia na kumtaja Mungu na watakatifu.

"Huyu ni nani?" Sir Jocelyn aliuliza, akijaribu kuuvuta mguu. "Anataka nini? Yuko wapi mtu wa kuleta joho?"

Zorzi aliona kamba zote mbili, ya Stamatis na yake. Uani kulijaa watu. Akasema kwa Kifaransa, kwa sauti ya chini:

"Ni yule mwokaji, Mtukufu. Amekuja kushukuru. Waziri amemwachia kwa sababu wewe ulimtaja."

"Mimi?"

"Pale mwisho, Mtukufu, ulipokuwa unazungumza juu ya hadhi. Ulisema hadhi ya Mfalme inalinda kila aliye chini ya paa lako, hata mwokaji wako."

Sir Jocelyn aliutazama umati. Uani wanawake walikuwa wanainua watoto wamwone. Mtu mmoja akapaza sauti, aishi Mjumbe, na wengine wakaitikia. Zorzi aliutazama uso ule mwekundu na kuona jambo ambalo katika maisha yake yote ya ukalimani hakupata kuliona likitokea kwa wepesi hivyo. Shaka iliingia, ikatazama huku na huku, haikupata mahali pa kukaa, ikaondoka.

"Ndiyo," alisema Sir Jocelyn. "Bila shaka. Hata mwokaji wangu." Akaweka mkono juu ya kichwa cha Stamatis. "Mwambie asiwe na hofu tena."

Perina alimngoja kaka yake getini.

"Ulimwomba?" aliuliza. "Ulimwomba Mwingereza, au alisema kwa moyo wake?"

"Alisema mwenyewe."

"Kwa hiyo wewe hukufungua mdomo."

"Perina, mumeo yuko hai."

"Najua yuko hai. Nakuuliza wewe."

Zorzi aliirekebisha kofia yake. Perina alimtazama sana, akaondoka na mumewe, na tangu siku ile alikuwa akimkaribisha kaka yake nyumbani kama mtu anayemkaribisha mwenye nyumba aliyefuata kodi. Hakumnyima kiti wala kahawa. Alingoja tu aseme kitu, na Zorzi hakusema.

Huku habari ilikwenda London, na njiani ikanenepa. Ilipofika, Sir Jocelyn alikuwa amesimama kati ya mnyongaji na Mkristo. Ilipokwenda mara ya pili alikuwa ameshika upanga. Mabibi wa huko wakaichora picha. Wakubwa wake, ambao walikuwa wanatafuta namna ya kueleza mbona manowari hazikupita, waliipokea kwa mikono miwili. Sir Jocelyn akapewa utepe mwekundu wa kuvaa kifuani, akafanywa balozi kamili, na alipofanywa balozi kamili joho la manyoya likaja lenyewe, maana ndiyo desturi, na akalivaa mpaka mwezi wa tano, jasho likimtoka. Mtu aliyekuwa tayari shemeji ya mkalimani wake anyongwe ili yeye avishwe ngozi za wanyama, alipata vyote viwili, sifa na ngozi. Anayetafuta haki katika kazi za ubalozi aitafute hapo, na akiipata anijulishe.

Mtoto wa Perina alizaliwa wa kiume. Walitaka kumwita Jocelyn, padri akakataa kwa kuwa hakuna mtakatifu wa jina hilo anayemfahamu, wakapatana kwa Josefu. Karamu ilifanywa chumba cha juu ya tanuri. Palikuwa na mwana-kondoo, na wali wa zabibu kavu, na mvinyo wa Tenedos, na mikate myeupe ya unga safi, maana ngano ilikwisha fika. Balozi aliwekwa kwenye kiti pekee chenye mikono. Kulia kwake alikaa Daktari Balsamo, aliyesomea Montpellier na kuongea Kifaransa kizuri kuliko balozi mwenyewe. Zorzi aliwekwa kushoto, nyuma kidogo, mahali pa mkalimani, lakini Perina alimwekea sahani kama ndugu, akamjazia mwenyewe, nyama ya ubavu aliyoipenda tangu utoto. Ilikuwa mara ya kwanza tangu majira ya baridi.

Balozi alipokunywa vya kutosha, Stamatis akaomba asimulie. Akasimulia. Zorzi alitafsiri sentensi baada ya sentensi: ukumbi, walinzi, Waziri mwenye hasira kali, mkono wa Balozi ukishuka kwenye upanga. Wageni walishusha pumzi na kujifanyia ishara ya msalaba. Perina alikuwa amempakata mtoto, anamsikiliza kaka yake kama vile maneno ni ya Balozi mwenyewe.

"Na lazima niseme," Balozi akaongeza, akimgeukia Zorzi na kumpigapiga begani kwa ukarimu, "kwamba sikuwa na msaada wowote. Caravello huyu alinipigia magoti juu ya zulia langu asubuhi ile, anatetemeka, ananisihi nisimtaje mwokaji, tusije tukaudhi wakubwa. Maskini. Simlaumu. Watu hawa wamelelewa kwa woga."

Daktari Balsamo aliacha kutafuna. Alimtazama Zorzi, kisha akatazama sahani yake. Alikuwa amesikia kila neno, na ni mtu wa kusema.

"Kasema nini?" Perina aliuliza. "Mbona amekushika bega? Zorzi? Kasema nini juu yako?"

Meza yote ilingoja. Stamatis alikuwa anatabasamu, kitambaa kipya kichwani, mkate mkononi. Chini tanuri lilikuwa linawaka. Zorzi angeweza kulipiga randa neno lile, au kulitupa kabisa, amewahi kufanya makubwa zaidi. Lakini daktari alikuwa pale, na daktari angemsahihisha, na meza ingeuliza kwa nini mkalimani amedanganya, na kutoka hapo njia ya kwenda kwa Waziri haikuwa ndefu.

"Anasema," Zorzi alianza, na sauti yake ilikuwa ileile ya kazi, haikupanda wala kushuka, "kwamba hakupata msaada wowote. Anasema Caravello huyu alimpigia magoti asubuhi ile, akitetemeka, akimsihi asimtaje mwokaji, wakubwa wasije wakaudhika. Anasema hamlaumu. Watu hawa wamelelewa kwa woga."

Perina alimpa mumewe mtoto. Aliinuka, akazunguka meza taratibu, akaichukua sahani ya kaka yake kutoka mbele yake, ingali imejaa, akashuka nayo chini kwa mbwa.

"Kuna nini?" Balozi aliuliza, akiangaza huku na huku. "Mbona kaichukua?"

"Anasema nimeshiba, Mtukufu," alisema Zorzi.